Kabla Umeme Haujarudi

Kati ya mashine zote za kusaga zilizotapakaa kwenye vilima vya Kadutu, Bagira na Panzi mjini Bukavu, ya kuogopwa zaidi ni ile iliyosimama. Inayozunguka hujitangaza: inanguruma, inatikisa mabati ya kibanda, inatimua vumbi la muhogo hadi kwenye nyusi za kijana anayeilisha. Hakuna anayetia mkono humo kwa kujua. Lakini umeme ukikatika gunia likiwa nusu, kelele inakufa, akina mama waliopanga mabeseni wanaguna, na yule kijana, ambaye tangu asubuhi alikuwa akisikia mkanda unateleza, anaona nafasi yake imefika. Anafungua kifuniko achokonoe unga uliogandamana kwenye chekeche. Au anaukamata mkanda kwa vidole vyote aupime kama umelegea. Swichi ya ukutani hajaigusa. Aiguse ya nini, na umeme haupo?

Umeme wa Bukavu haupigi hodi. Unaweza kurudi baada ya siku mbili, unaweza kurudi baada ya dakika mbili, na ukirudi mota haimuulizi mtu kama yuko tayari. Ndiyo maana mtu akiniuliza utunzaji wa mashine uanzie wapi katika mji huu, sitamtajia grisi wala spana. Nitamtajia swichi.

Mashine nyingi za mtaani zimefungiwa swichi ya mkono ya aina ya kisu. Ukiipandisha inabaki juu, umeme uwepo usiwepo, na mkondo ukirejea unapita moja kwa moja hadi kwenye mota. Kiwashio chenye kontakta kina tabia tofauti kabisa. Ndani yake kuna koili ndogo ambayo hugeuka sumaku umeme unapoipitia, na nguvu ya sumaku hiyo ndiyo inayoshikilia vipande vya shaba vigusane. Umeme ukikatika, sumaku inaishiwa nguvu, springi inavitenganisha vile vipande, na umeme ukirudi unakuta njia imefungwa. Mashine haiamki mpaka mtu abonyeze tena kitufe kwa kidole chake. Kifaa hicho kingekuwa kimewekwa kwenye kila kibanda cha kusagia, nusu ya hofu yangu ingekwisha. Tatizo ni kwamba koili ikiungua, mteja ana haraka na fundi ana njaa, basi nyaya zinaunganishwa moja kwa moja "kwa leo tu". Leo hiyo hudumu miaka.

Na hata kontakta peke yake haitoshi, kwa sababu mtu mwingine anaweza kubonyeza kitufe. Mwenye mashine anasikia jirani anashangilia umeme, anatoka nje mbio, anawasha, hajui kwamba kijana wake kachuchumaa nyuma ya puli. Viwandani dawa ya hilo ni ya kizamani na ni rahisi: kufuli. Kabla fundi hajafungua chochote, anazima swichi kuu, anaitia kufuli lake mwenyewe, anatundika kibao chenye jina lake, kisha anajaribu kuwasha ili ahakikishe mashine imekufa kweli. Ufunguo unakaa mfukoni mwake. Wakiwa mafundi watatu, kufuli ni tatu, na mashine haiwaki mpaka wa mwisho atoe lake. Marekani waliufanya utaratibu huo kuwa kanuni ya kitaifa mwaka 1989. Anayetembea sokoni Kadutu atapata kufuli dogo kwenye meza yoyote ya vifaa vya chuma.

Kuna nguvu nyingine ambazo kufuli halizizuii. Puli nzito huendelea kuzunguka kwa muda baada ya umeme kuzimwa. Springi iliyokazwa inabaki imekazwa. Tangi la kompresa linabaki na upepo uliobanwa, na sahani ya mashine iliyoinuliwa kwa jeki inabaki na uzito wake. Mwanagenzi mzuri hujifunza kuuliza swali moja kabla ya kushika: kitu gani hapa bado kinaweza kusogea?

Sasa tuuangalie umeme wenyewe, maana nao unatoka kwenye mashine. Ukitoka Nguba ukafuata mto unapoacha ziwa Kivu, hufiki mbali kabla hujaona kituo cha Ruzizi I, kilichoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuongezewa mitambo miwili mnamo 1972. Mitambo yote minne kwa pamoja ina uwezo wa karibu megawati 30. Chini yake kidogo kuna Ruzizi II, ya mwaka 1989, inayoendeshwa na SINELAC, kampuni ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi. Kwa miongo mingi mji wa Bukavu umekuwa ukiongezeka watu huku mitambo ile ikizeeka. Mgao wa umeme tunaoulaumu kila jioni una sababu nyingi, ila mojawapo inamhusu kila mtu aliyewahi kutupa chupa ya plastiki kwenye mfereji.

Mvua ikinyesha Bukavu, mji mzima unakuwa mteremko. Maji yanashuka kutoka vilimani na kila kilichoachwa njiani, na yote yanaishia ziwani, kisha ziwa linayasukuma taratibu kuelekea mdomo wa Ruzizi. Mwanzoni mwa 2022 taka ziliharibu mmoja wa mitambo minne ya Ruzizi I, na kituo kikapoteza zaidi ya megawati sita, yaani karibu sehemu moja ya tano ya uwezo wake. Wahandisi wa SNEL, shirika la umeme la taifa, walieleza hadharani kwamba taka zilikuwa zimejilimbikiza mbele ya bwawa hadi kina cha mita 14. Wafanyakazi huopoa zinazoelea kwa mikono na majahazi, na wazamiaji hushuka kuchokoa zile zilizozama, zisifike kwenye turbini.

Naiona kazi hiyo kuwa somo bora la matengenezo kuliko mabango mengi niliyowahi kuyasoma. Turbini haikuharibika kwa sababu chuma chake ni kibaya. Iliharibiwa na kitu kilichoingia mahali ambapo hakikutakiwa kuingia. Mhandisi anaweka wavu wa nondo mbele ya maji, lakini wavu ukiziba, maji yanapungua na mtambo unahangaika. Wavu ukipasuka, taka zinapita. Kwa hiyo kazi yenyewe inakuwa kusafisha wavu, leo na kesho na keshokutwa, kazi isiyopigiwa makofi na mtu. Mashine ya kusaga ina chekeche lake, jenereta ina kichujio chake cha hewa, injini ya boti inayokwenda Goma ina kichujio chake cha mafuta. Sehemu kubwa ya utunzaji wa mashine ni kuzuia uchafu usipite na kuondoa ule uliokwisha kuingia.

Beringi inathibitisha hilo. Gololi zake hukimbia juu ya utando wa grisi mwembamba kuliko unywele. Chembe moja ya mchanga ikiingia inatosha kukwaruza njia yao, na mkwaruzo unazaa vumbi la chuma, nalo linakwaruza zaidi. Vibandani mwetu kuna adui wa pili, unga wa muhogo, ambao huinywa grisi na kuigeuza ugali mkavu. Dawa yake inaanza kabla ya bomba la grisi kuguswa: futa chuchu ya grisi kwa kitambaa safi. Asiyeifuta anasukuma uchafu ndani kwa nguvu zake mwenyewe.

Halafu kuna kosa la ukarimu. Vijana wengi huamini kwamba grisi ikizidi, mashine imependwa. Wanajaza mpaka inafurika, na beringi inaanza kuchemka, maana gololi sasa zinaisukuma grisi badala ya kuteleza juu yake. Kwa kawaida beringi ya mwendo wa kasi inatakiwa kujazwa theluthi moja hadi nusu ya nafasi iliyo wazi, basi. Pia haifai kuchanganya grisi za aina mbili bila kujua, kwa kuwa nyingine zikikutana huyeyuka na kuchuruzika kama mafuta ya kupikia. Grisi ya kopo lisilo na jina, ile inayopimwa kwa kijiko sokoni, inanitia wasiwasi kwa sababu hiyo hiyo.

Namna ya kuijua beringi inayokufa haihitaji chombo cha bei. Ncha ya bisibisi refu inawekwa kwenye nyumba ya beringi, mpini unawekwa kwenye mfupa ulio karibu na sikio, mbali na mkanda na kila kinachozunguka. Beringi nzima hutoa mvumo laini usiobadilika. Iliyochoka inakoroma, iliyokauka inapiga mluzi, iliyopasuka inagonga kwa mpigo. Joto nalo husema: nyumba ya beringi ambayo kiganja hakiwezi kuvumilia kwa sekunde chache ina joto la nyuzi 60 au zaidi, na inaomba kuangaliwa. Fundi anayesikiliza mashine yake kila asubuhi ikiwa nzima ataijua sauti mbaya siku ya kwanza. Anayeisikiliza ikiwa mbovu tu hana cha kulinganisha nayo, na hapo ndipo daftari linapoingia: tarehe, saa za kazi, kilichobadilishwa, kilichosikika. Daftari la shule la kurasa chache linatosha, na ni nadra kulikuta kibandani.

Mikanda ina hadithi fupi zaidi. Mkanda wa umbo la V hukamatwa na mbavu zake; ukiona umezama hadi chini ya mfereji wa puli, umekwisha kulika hata kama haujakatika. Ikiwa puli ina mikanda mitatu, ibadilishwe yote mitatu kwa pamoja, kwa kuwa mpya utabeba mzigo wa wazee wawili na kufa mapema. Kuupima, bonyeza katikati: ulegee kama milimita 16 kwa kila mita ya umbali kati ya puli na puli. Uzi ulionyooshwa ukigusa nyuso za puli zote mbili utaonyesha kama zimekaa sambamba. Kuuvalisha mkanda kwa kuusukuma na bisibisi huku puli ikizungushwa kwa mkono ni njia ya haraka ya kukata nyuzi za mkanda, na ncha ya kidole pia. Legeza boliti za mota, isogeze, valisha mkanda, kaza.

Tukiwa bado kwenye mota, umeme dhaifu ni ugonjwa wa Bukavu ambao vitabu vya Ulaya huutaja kwa mstari mmoja. Volteji ikishuka huku mzigo ukiwa ule ule, mota inavuta mkondo mkubwa zaidi ili kazi ifanyike, na joto la nyaya hupanda kwa mraba wa mkondo. Mkondo ukiongezeka kwa asilimia 10, joto linalozalishwa kwenye shaba linaongezeka kwa asilimia 21. Wahandisi wana kipimo cha jumla kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi kiwango cha mota hupunguza maisha ya varnishi inayokinga nyaya kwa nusu. Mbaya zaidi ni kupotea kwa fezi moja kati ya tatu. Mota iliyokuwa inazunguka itaendelea kuzunguka, ikiunguruma kwa huzuni, na mkondo kwenye fezi mbili zilizobaki unaweza kufika mara 1.7 ya kawaida. Ikiachwa hivyo inaungua, harufu yake inajulikana mtaa mzima, na inapelekwa kusukwa upya. Wasukaji wa mota wanapata riziki halali, ila nyingi kati ya mota wanazopokea zingeokolewa na relei ya joto ambayo mtu aliiruka kwa kipande cha waya kwa sababu "ilikuwa inakatakata ovyo". Ilikuwa inakatakata kwa sababu ilikuwa inafanya kazi yake.

Haya yote kijana wa Bukavu hujifunza wapi? Kuna njia rasmi. Taasisi ya serikali ya kuandaa wafanyakazi, INPP, iliyoundwa kwa amri ya tarehe 29 Juni 1964, ina tawi lake mjini. Ipo shule ya ufundi ITFM, ambayo jina lake kamili, Institut Technique Fundi Maendeleo, limetia Kiswahili katikati ya Kifaransa bila kuona haya. Kipo kituo cha CAPA, ambacho kimewafundisha kazi za mikono vijana wengi, wakiwemo wenye ulemavu. Katika shule za ufundi mwanafunzi anamaliza mwaka wa sita kwa mtihani wa taifa, akiwa amejua kuchora ekseli kwa vipimo na kukokotoa uwiano wa puli. Wengine humaliza wakiwa wameigusa mashine ya kerezo mara chache tu, kwa kuwa ni moja, wanafunzi ni wengi, na umeme ni ule tuliokwisha kuusema.

Njia ya pili ni karakana. Mtoto anapelekwa kwa fundi na mzazi wake, anafagia, anashika taa, anatumwa spana namba 13 analeta 14, anazabwa neno, anajifunza. Anamwita mwalimu wake Papa au patron, na amri ya Papa haijadiliwi. Njia hii imezalisha mikono stadi kweli kweli. Nimeona kijana asiyejua kusoma akiupima mwanya wa valvu kwa wembe wa kunyolea na kuukuta sawa. Udhaifu wake ni kwamba tabia mbaya ya mwalimu hurithiwa pamoja na nzuri. Patron akichomelea kwa miwani ya jua, mwanagenzi atachomelea kwa miwani ya jua, na usiku wote wawili wataweka viazi vibichi machoni, wakisema ni kawaida ya kazi. Miwani ya jua haizuii mwanga wa tao la umeme. Kioo cha kuchomelea cha namba 10 hadi 13 ndicho kinachotakiwa.

Njia ya tatu ilikuwa viwanda vikubwa. Bukavu haikuwa mji wa viwanda vingi, lakini vichache ilivyokuwa navyo vilifundisha. Kiwanda cha bia cha Bralima na kile cha Pharmakina, kilichotoa kwinini kwenye magome ya mkwinini, vilikuwa na boila, pampu, mashine za kujazia chupa, mafundi wa zamu na ratiba za matengenezo zilizobandikwa ukutani. Fundi aliyepita mahali kama hapo alitoka na mazoea ya kuandika, kufunga kufuli na kupima kabla ya kukata, na alipofungua karakana yake Kadutu mazoea hayo yalihama naye. Ratiba za aina hiyo hazivumilii vita. Waasi wa M23 waliingia mjini katikati ya Februari 2025, maghala ya bia yakaporwa katika siku zile, na mwezi Juni mwaka huo huo Heineken, wakati huo mwenye Bralima, ikatangaza kwamba imepoteza udhibiti wa shughuli zake Bukavu na Goma na kuwaondoa wafanyakazi wake. Watu wamehesabu hasara ya kreti na ajira. Sijasikia mtu akihesabu wanagenzi ambao hawatapitia tena kwenye karakana ile.

Pengo hilo hujazwa na mafunzo ya miezi michache ya mashirika, ambayo huishia kwa sherehe na kugawa vifaa vya kuanzia maisha: cherehani kwa huyu, mashine ya kuchomelea kwa yule. Sina ugomvi na zawadi. Ninauliza tu ni kwa nini cherehani hutolewa bila kopo la mafuta, na kwa nini kofia ngumu ya njano huvaliwa siku ya picha, kwenye karakana ambayo juu yake hakuna kitu cha kuanguka isipokuwa mjusi. Kifaa cha kinga kinatakiwa kifuate hatari iliyopo. Kwa mtu wa grenda, hatari haiko kichwani.

Grenda ndiyo zana ninayoiogopa kuliko zote za mkononi, na Bukavu iko kila kona, kuanzia wanaotengeneza madirisha ya chuma hadi wanaokata nondo za maghorofa ya Muhumba. Grenda ndogo ya diski ya milimita 125 huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Kubwa, ya milimita 230, huzunguka polepole zaidi, na kwenye diski yake pameandikwa kikomo cha mizunguko kama 6,650. Sababu ya tofauti ni ukingo wa diski. Diski zote mbili zimetengenezwa kuhimili mwendo wa ukingoni wa mita 80 kwa sekunde, ambao ni sawa na kilomita 288 kwa saa.

Diski kubwa ikilika hubaki na nyama ya kutosha, na mtu mwenye akili ya biashara anaona kuitupa ni hasara, basi anaifunga kwenye grenda ndogo. Wengine huenda mbali zaidi: wanang'oa kinga ya grenda ndogo na kuitia diski kubwa nzima, wakate kwa kina zaidi. Tupige hesabu. Mzingo wa diski ya milimita 230 ni sentimita 72. Kwa mizunguko 11,000, ukingo wake unakimbia zaidi ya mita 130 kwa sekunde. Nguvu inayojaribu kuivunja diski huongezeka kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo inakaribia mara tatu ya kile ilichoundwa kuvumilia. Nayo ni mchanga mgumu ulioshikwa na gundi na nyuzi. Ikipasuka, vipande vinaruka kwenye mstari wa mzunguko, na kwenye mstari huo ndipo penye uso wa aliyeinama kuangalia alama ya kukatia.

Mambo mengine ya grenda ni madogo, na ndiyo yanayosahaulika. Kwenye pete ya chuma katikati ya diski pamechapwa tarehe. Gundi yake huzeeka, na baada ya muda wa miaka mitatu tangu kutengenezwa diski haitakiwi kutumika, hata kama haijawahi kufunguliwa. Diski iliyolowa mvua dukani haikauki ikarudi ilivyokuwa. Simama pembeni, isiwe nyuma ya mstari wa diski, na ipya iache izunguke bure kwa nusu dakika kabla ya kugusa chuma. Ya kukatia isitumike kusugulia kwa ubavu. Na umeme ukikatika ukiwa katikati ya kazi, zima swichi ya grenda kabla ya kuiweka chini. Nimerudi kwenye swichi tena, najua. Grenda iliyoachwa imewashwa sakafuni itarukaruka yenyewe umeme ukirudi.

Zana zisizo na mota huumiza pia. Tupa isiyo na mpini, ile ya mkia mkali ulio uchi, hutoboa kiganja siku inapokwama. Kichwa cha tindo kilichochanua kama uyoga hurusha chembe za chuma kikigongwa, na jibu lake ni kukisaga mpaka kirudi umbo. Spana ivutwe kuelekea kwako, isisukumwe. Boliti ikiachia ghafla ukiwa unasukuma, ngumi yako ndiyo itakayokutana na chuma. Kuongezea spana bomba ili kupata nguvu ni mazoea ya kila karakana, na matokeo yake ni nati iliyolika pembe na spana iliyopanuka mdomo, ambayo kesho itateleza mkononi mwa mwingine. Glavu ni nzuri wakati wa kubeba bati, na ni mtego kwenye drili ya mezani, kwa kuwa ncha inayozunguka hukamata uzi mmoja wa glavu na kuvuta mkono wote. Na mtungi wa oksijeni usiguswe kwa mikono yenye grisi: mafuta yakikutana na oksijeni iliyobanwa yanaweza kuwaka bila kiberiti.

Mtego huo wa glavu ndio ule ule wa kikwembe. Kwenye kibanda cha kusagia, wateja wengi ni akina mama, na ni desturi mama kuingia mpaka ndani kuhakikisha mihogo yake haichanganywi na ya mwingine. Ana haki. Lakini anapita sentimita chache kutoka kwenye mkanda ulio wazi, akiwa amejifunga kikwembe, mtoto mgongoni, kilemba kichwani. Nguo ikikamatwa, haichaniki haraka kama mtu anavyodhani. Kitambaa cha pamba kilichosokotwa kina nguvu ya kamba. Kumwambia mama asogee ni adabu. Kuweka ukuta wa matofali wa kimo cha kiuno kati ya meza ya kupokelea na mashine ni kinga.

Sheria haikosekani. Kanuni ya kazi ya Kongo, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi wake, na inakataza vijana wa chini ya miaka 18 kufanya kazi za hatari. Sheria ya hifadhi ya jamii ya Julai 2016 imeweka ajali za kazini chini ya mfuko ambao leo unaitwa CNSS, na mwajiri huuchangia asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya hatari hizo. Asilimia moja na nusu ya nini, ikiwa mwanagenzi halipwi mshahara? Kijana wa mashine ya kusaga haonekani kwenye orodha yoyote. Akikatwa vidole, gharama hugawanywa kati ya mfuko wa patron, mchango wa kanisa na shamba la mjomba, na baada ya hapo nafasi yake inachukuliwa na mwingine aliyekuwa akisubiri. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kwamba karibu watu milioni tatu hufa kila mwaka kwa ajali na magonjwa ya kazini. Ajali ya kibandani Kadutu inaingiaje kwenye hesabu kama hizo, wakati haikuandikwa popote?

Kabla mkaguzi hajafika, na sioni kama yuko njiani, kinga ya mkanda inaweza kutengenezwa kwa siku moja na mchomeleaji wa jirani. Pipa kuukuu linatoa bati, nondo nyembamba zinatoa fremu. Matundu ndiyo ya kuangalia. Wavu ambao kidole kinapita haufai kukaribia puli: kwa matundu ya mraba yenye upana wa kati ya milimita 12 na 20, kiwango cha kimataifa kinataka wavu ukae walau milimita 120 kutoka kwenye kinachozunguka, yaani kidogo zaidi ya upana wa kiganja. Matundu makubwa kuliko hayo yanaweza kudai umbali mkubwa zaidi, na tundu linalopitisha mkono mzima linadai milimita 850. Kinga ifungwe kwa boliti, isiwe kwa kulabu, ili anayetaka kuitoa alazimike kwenda kutafuta spana. Acha kidirisha kidogo chenye kifuniko mkabala na chuchu ya grisi, la sivyo kijana ataing'oa kinga yote wiki ya pili na haitarudi. Ipakwe rangi ya njano ndani na kijivu nje, ili ikiachwa wazi njano ionekane toka barabarani, na mama aliyekuja na beseni awe na la kusema kabla ya kuingia.